LOADUG mbili: kisa cha meinfremu iliyowaka na vigezo vya zamani

Kwenye profaili ya kuwashia, ndani ya HMC, konsoli ya kusimamia maunzi ya meinfremu, palikuwa na alama nane: `0B41UG.1`. Zote zilikuwa sahihi. Diski 0B41 ndiyo iliyobeba IODF, faili inayoeleza vifaa vilivyounganishwa; memba LOADUG, faili ndogo ya vigezo vya kuwashia iliyo ndani ya maktaba, ndiyo iliyotakiwa; nyukliasi (kiini cha mfumo) namba 1 ndiyo ya siku zote. z/OS, mfumo wa uendeshaji wa meinfremu, ikawaka bila kukwama popote; JES2, inayopokea na kuanzisha kazi za bechi, ikaanza; opereta akaandika kwenye daftari la zamu "mfumo uko juu, saa 7:20 usiku". Dakika kumi baadaye kazi ya kuandaa faili ya malipo ya Jumapili, ambayo ilikuwa imekwisha kufanyika jioni ile ile, ikaanza upya.

Mashine yenyewe iko Kampala, kwenye taasisi ambayo haina haja ya kutajwa. Ni mfumo mmoja tu, LPAR (sehemu ya mashine) moja ya uzalishaji, hauna mwenzake wa kuupokea mzigo. Mvua kubwa ya Jumapili usiku iliangusha umeme mwendo wa saa 5:40. Jenereta iliwaka lakini swichi ya kuhamisha mzigo haikushika, betri za UPS zikaisha, na chumba cha mashine kikazimika. Umeme uliporudi karibu saa 6:50, hapakuwa na njia nyingine ila IPL, yaani kuwasha mfumo upya. Ilikuwa IPL ya kwanza baada ya miezi saba.

Daftari la zamu pale huandikwa Kiswahili, kwa kuwa opereta mmoja ametoka Arua, mwingine Mbale, na fundi wa mfumo hupigiwa simu Nairobi. Saa huandikwa za Kiswahili ubaoni na za mashine kwenye rekodi: saa 7:20 usiku ni 01:20. Tofauti hiyo ya saa sita kila mtu ameizoea na haimchanganyi mtu. Usiku ule iliongezeka tofauti nyingine, ya saa tatu, ambayo hakuna aliyeitarajia.

Dalili zilivyojitokeza

Dalili ya kwanza haikuwa saa. Programu ya kutuma faili nje ya taasisi ilipoanzishwa ilianguka na S047. Msimbo huo maana yake programu imeomba huduma ya wenye idhini bila kuwa na idhini, na mara nyingi ni kwa sababu maktaba yake haimo kwenye orodha ya APF, ya maktaba zilizoidhinishwa. Maktaba hiyo imeorodheshwa kwenye memba PROGUG, kwa hiyo opereta alifanya alichofundishwa:

```
T PROG=UG
IEE538I PROGUG MEMBER NOT FOUND IN PARMLIB
```

Akampigia fundi. "Dada, PROGUG anasema haipo, na mimi naiona hapa kwenye ISPF kwa macho yangu." Naye alikuwa sahihi. ISPF ni skrini za kutazamia na kuhariri faili, na memba ilikuwepo ndani ya UG.PARMLIB, maktaba ya vigezo ya taasisi yenyewe, haijaguswa.

Hapo kisa kilikaribia kupotea njia. Fundi alianza kumsomea amri ya `SETPROG APF,ADD` ili maktaba ile moja iongezwe kwa mkono na programu ya kutuma iendelee. Ni kiraka ambacho kila mwenye uzoefu angekifikiria, na kingefanya kazi. Kabla hajamaliza, konsoli ikaonyesha kazi ya malipo inaanza. Kazi hiyo huanzishwa na amri ya kujiendesha ya JES2, `$TA`, iliyopangwa 22:30, na haitegemei programu ya ratiba. Fundi akauliza swali moja: "Huko kwenu ni saa ngapi, na mashine inasema saa ngapi?"

```
D T
IEE136I LOCAL: TIME=22.31.07 DATE=...  UTC: TIME=22.31.07 DATE=...
```

Saa ya mahali na saa ya UTC zinalingana hadi sekunde. Uganda iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, haina saa za kiangazi, kwa hiyo saa hizi mbili hazipaswi kulingana kamwe. Mfumo ulidhani bado ni Jumapili usiku saa nne na nusu. Amri ya `$TA` ilisubiri 22:30, ikaiona inafika, ikatimiza wajibu wake mara ya pili.

Kazi ilimalizika kwa dakika mbili na kuacha kizazi kipya cha faili, UG.PAY.OUT.G0413V00, nyuma ya G0412V00 iliyotoka jioni. Yaliyomo yalikuwa yale yale, namba ya mfululizo ndiyo iliyotofautiana. Haikutoka nje kwa sababu moja tu: programu ya kutuma ilikuwa bado imelala na S047 yake. Kiraka cha SETPROG kingewahi kwa dakika tano, malipo ya Jumapili yangetumwa mara mbili.

Amri iliyofuata ilikuwa `$PI`, kusimamisha vianzishi vya kazi za bechi ili kazi nyingine isianze. Hiyo ndiyo hatua sahihi pale saa ya mfumo inapotiliwa shaka. Kila kitu kingine kinaweza kungoja.

Mfumo wenyewe ulisema nini

Amri mbili zilitosha. Majibu yake yamefupishwa hapa:

```
D PARMLIB
 PARMLIB DATA SETS SPECIFIED
 AT IPL
 ENTRY  FLAGS  VOLUME  DATA SET
   1      D    UGRES1  SYS1.PARMLIB

D IPLINFO
 USED LOADUG IN SYS0.IPLPARM ON 0B41
 IEASYM LIST = 00
 IEASYS LIST = 00
 IODF DEVICE: ORIGINAL(0B41) CURRENT(0B41)
 IPL DEVICE: ORIGINAL(0A80) CURRENT(0A80) VOLUME(UGRES1)
```

Jibu la kwanza linaeleza kwa nini PROGUG "haipo": mfumo unaijua SYS1.PARMLIB peke yake. Bendera D maana yake maktaba hiyo imeingia kwa chaguo-msingi, si kwa kutajwa na mtu. Ingetajwa ingekuwa na S. UG.PARMLIB haimo, na amri ya SET (ile `T` ya opereta) hutafuta ndani ya mfuatano huu tu. Kuiona memba kwenye ISPF hakuthibitishi kwamba mfumo nao unaiona.

Jibu la pili ndilo lenye jina la mkosaji, na ni rahisi kulipita. Macho hukimbilia LOADUG, yanaridhika, yanasonga mbele. Kilichotakiwa kusomwa ni maneno yanayofuata: *katika SYS0.IPLPARM*. LOADUG ambayo watu wa pale waliihariri kwa miaka yote ilikuwa ndani ya SYS1.PARMLIB. Hii ilikuwa LOADUG nyingine, yenye jina lile lile.

Alama nane zinavyosomwa

Ili kuona nakala ya pili ilivyopenya, inabidi kufuata mashine tangu kitufe cha Load kinapobonyezwa.

HMC hupewa vitu viwili: anwani ya diski ya kuwashia, hapa 0A80, na kigezo chenye alama nane. Mashine husoma rekodi ya kuwashia mwanzoni mwa diski 0A80, baiti 24 zenye PSW (neno la hali ya prosesa) na amri mbili za kusomea, na hizo huvuta programu ndogo inayoandaa kumbukumbu. Katalogi, orodha ya mfumo ya faili na diski zilipo, haijafunguliwa bado wala maktaba yoyote haijulikani. Programu hiyo huchukua alama nane na kuzikata hivi:

`0B41`, nafasi ya 1 hadi 4, ni namba ya diski yenye IODF, faili inayoeleza vifaa vyote vilivyounganishwa. Ikiachwa wazi, diski ya kuwashia ndiyo huchukuliwa.

`UG`, nafasi ya 5 na 6, ni mkia wa memba LOADxx. Ikiachwa wazi, ni LOAD00.

`.`, nafasi ya 7, huamua opereta ataona nini na kuulizwa nini. Nukta au nafasi tupu: ujumbe wa taarifa haupiti, maswali hakuna. M: ujumbe wote unapita, maswali hakuna. S: ujumbe haupiti lakini vigezo vya mfumo vinaulizwa. T: ujumbe unapita na vigezo vinaulizwa. A: ujumbe unapita, vigezo na katalogi kuu vyote vinaulizwa. C, D na P ni michanganyiko iliyobaki inayohusu katalogi kuu.

`1`, nafasi ya 8, ni nyukliasi, yaani IEANUC01.

Sasa LOADUG inatafutwa wapi? Swali hili ndilo kiini cha kisa. Mfumo hauanzii SYS1.PARMLIB. Huanzia kwenye diski ya IODF, hutafuta SYS0.IPLPARM, kisha SYS1.IPLPARM, hivyo hivyo hadi SYS9.IPLPARM. Ukikosa huko, huangalia SYS1.PARMLIB iliyo kwenye diski hiyo hiyo ya IODF. Ukikosa tena ndipo unafika SYS1.PARMLIB ya diski ya kuwashia. Ukikosa na huko, mashine husimama kwenye hali ya kungoja, na msimbo wake husomwa katika tarakimu tatu za mwisho za PSW kwenye HMC.

Kwa hiyo LOADUG ya SYS1.PARMLIB iko mwisho wa foleni. Inasomwa pale tu ambapo hakuna nyingine mbele yake.

Miezi saba nyuma hapakuwa na nyingine. Kigezo kilikuwa `0A81UG.1`, diski 0A81 ilikuwa na IODF na hakuna kingine cha kuhusika, mfumo ukashuka hadi SYS1.PARMLIB na kuchukua LOADUG sahihi. Miezi mitatu kabla ya tukio, diski zilihamishiwa kwenye kabati jipya. IODF ilinakiliwa kwa HCD, chombo cha kuundia IODF, kwenda diski UGIOD2, namba 0B41, ikaamshwa kwa amri ya ACTIVATE bila kuzima chochote, na profaili ya HMC ikabadilishwa siku hiyo hiyo kutoka 0A81 kwenda 0B41. Kazi safi. Ila diski 0B41 haikuwa mpya tupu: ilirejeshwa kutoka nakala kamili ya diski ya siku za usakinishaji, na ndani yake ikaja SYS0.IPLPARM ya wasakinishaji, pamoja na LOAD00 na LOADUG yao ya mwanzo.

Kwa nini hakuna aliyeiona? Kwa sababu haikuwa kwenye katalogi. Hatua hii ya kuwasha hutafuta faili kwa kusoma VTOC, orodha ya yaliyomo ya diski yenyewe, kwa kuwa katalogi bado haipo. Faili isiyo na katalogi ni halali kabisa hapo. Lakini ukiwa kwenye ISPF 3.4 ukaandika `SYS0.IPLPARM` na kubonyeza Enter, ISPF huuliza katalogi, na katalogi inajibu hakuna kitu. Ni lazima ujaze `UGIOD2` kwenye nafasi ya Volume serial. Ndipo inatokea.

Na nukta ya nafasi ya saba ikaficha kilichobaki. Kwa M, konsoli ingeonyesha mapema kabisa:

```
IEA371I SYS0.IPLPARM ON DEVICE 0B41 SELECTED FOR IPL PARAMETERS
IEA246I LOAD ID UG SELECTED
```

Nukta hupendwa kwa kuwa konsoli inabaki safi. Kwenye mashine inayowashwa mara mbili kwa mwaka usafi huo hauna faida yoyote.

LOADUG ya zamani na ya sasa

Ya wasakinishaji:

```
IODF     **  SYS1     OSUG01   00 Y
SYSCAT   UGCAT1113CCATALOG.UG.MASTER
SYSPARM  00
IEASYM   00
NUCLEUS  1
```

Iliyotakiwa:

```
IODF     **  SYS1     OSUG01   00 Y
SYSCAT   UGCAT1113CCATALOG.UG.MASTER
SYSPARM  (00,UG)
IEASYM   (00,UG)
PARMLIB  UG.PARMLIB                                   UGSYS1
PARMLIB  SYS1.PARMLIB                                 UGRES1
NUCLEUS  1
```

Ubaya wa nakala ya zamani ni kwamba haikuwa mbovu. Katalogi kuu ni ile ile. Mstari wa IODF una nyota mbili badala ya namba, na nyota huuambia mfumo utafute IODF wenyewe, ukianza na ile ambayo maunzi yanaitambua kuwa ndiyo inayotumika. Hivyo ikapata IODF mpya bila taabu. Kama pangekuwa na namba ya IODF ya zamani isiyokuwepo kwenye 0B41, mashine ingegoma, na kila mtu angejua ndani ya dakika moja kwamba LOADUG ina kasoro. Nyota ni desturi nzuri, ila usiku ule ndiyo iliyouruhusu mfumo upite.

Tofauti iko kwenye SYSPARM na PARMLIB. SYSPARM hutaja memba za IEASYSxx. IEASYS00 husomwa kwanza siku zote, kisha zilizotajwa kwa mpangilio wake, na thamani ya baadaye hufuta ya mwanzo. Kwa nakala ya zamani mfumo ulisoma IEASYS00 ukaishia hapo. IEASYSUG, yenye vitu hivi, haikuguswa:

```
CLOCK=UG,
CMD=(00,UG),
CSA=(3000,300000),
OMVS=(00,UG),
PROG=(00,UG),
SMF=UG
```

Kila dalili ya usiku ule ina mstari wake humo. PROG haikuleta UG, maktaba haikupata idhini ya APF, ikaja S047. CMD haikuleta UG, amri za COMMNDUG hazikutolewa, ndiyo maana programu ya ratiba haikuanza yenyewe na opereta akaanza kuinua vitu kimoja kimoja. CLOCK ilibaki 00. CLOCKUG ina `TIMEZONE E.03.00.00`, CLOCK00 iliyokuja na mfumo ilikuwa na `TIMEZONE W.00.00.00`. Kwenye matoleo ya karibuni thamani moja moja unaweza kuiuliza mfumo wenyewe:

```
D IPLINFO,CLOCK
IEE255I SYSTEM PARAMETER 'CLOCK': 00
```

Anayechunguza tatizo la saa kwenye z/OS aangalie pia STPZONE kabla ya kulaumu TIMEZONE. Mashine ikiwa inapata saa kwa STP, itifaki ya kulinganisha saa za mashine, na memba ina `STPZONE YES`, tofauti ya saa huchukuliwa kutoka STP na mstari wa TIMEZONE hauangaliwi. Hapa memba zote mbili zilikuwa na `STPZONE NO`, kwa hiyo TIMEZONE ndiyo iliyotawala.

Kurekebisha usiku ule ule

Palikuwa na njia tatu mezani.

Ya kwanza ni kubandika viraka: `SET TIMEZONE=E.03.00` kwa saa, `SETLOAD UG,PARMLIB,DSNAME=SYS1.PARMLIB,VOLUME=UGRES1` ili mfuatano wa maktaba uchukuliwe kutoka LOADUG sahihi, kisha `T PROG=UG` na wenzake. Amri zote hizi ni halali. Lakini SETLOAD hurekebisha maktaba tu, haisomi IEASYSxx upya, na CSA, kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na programu zote, haibadiliki bila IPL. Mfumo ungefungua Jumatatu asubuhi na CSA ya usakinishaji. Ungedumu siku ngapi chini ya mzigo kamili, hakuna wa kubashiri.

Ya pili ni IPL kwa `0B41UGT1`, opereta aulizwe IEA101A na kujibu `R 00,SYSP=(00,UG)`. Jibu la opereta hushinda SYSPARM ya LOADxx, ndiyo maana wengi huikimbilia. Hapa isingefaa: LOADUG ya zamani haitaji UG.PARMLIB, kwa hiyo IEASYSUG isingepatikana. Unaweza kujibu swali kwa usahihi na bado ukanyimwa, kwa sababu jibu linatafutwa kwenye maktaba zilizokwisha kuchaguliwa na LOADxx.

Ya tatu ni kurekebisha nakala inayosomwa, kisha IPL. Ndiyo iliyochukuliwa. Mtandao wa wateja ulikuwa haujafunguliwa, CICS, programu ya kuendesha miamala, haikuwa juu, hakuna muamala uliokuwa umeandikwa na tarehe mbaya. Saa moja baadaye uamuzi huo ungekuwa mgumu zaidi.

Kuhariri kulifanywa kwa ISPF 2, jina `'SYS0.IPLPARM(LOADUG)'` na volyumu UGIOD2. Nakala ya zamani ilihifadhiwa kwanza kwa jina ZOLDUG ndani ya maktaba ile ile. Jina lisiloanza na LOAD haliwezi kuchaguliwa na kigezo chochote.

Hapa safu ni sheria. LOADxx haisomwi kama IEASYSxx, kwa koma na sawasawa. Kila kitu kina safu yake: neno kuu linaanza safu ya 1, data safu ya 10. Kwenye PARMLIB jina la maktaba ni safu ya 10 hadi 53, jina la diski safu ya 55 hadi 60. Kwenye IODF, jina la mwanzo la faili linaanza 14, jina la usanidi 23, EDT (jedwali la vifaa) 32, na Y iko 35. SYSCAT ndiyo inayotisha macho: `UGCAT1113C` si neno moja. UGCAT1 ni diski, safu 10 hadi 15. Kisha tarakimu ya safu ya 16. Kisha ngazi ya majina mbadala kwenye safu ya 17. Kisha 3C, kikomo cha chini cha kazi za katalogi kwa hesabu ya kumi na sita. Ndipo jina la katalogi linaanza safu ya 20. Herufi kubwa tupu, na mstari wa maelezo huanza na nyota kwenye safu ya 1.

Amri ya mstari `COLS` iliokoa IPL ya pili. UGSYS1 ilikuwa imeandikwa kuanzia safu ya 54. Kwa jicho tupu mistari miwili ya PARMLIB ilionekana kulingana. Chini ya rula ya COLS, mmoja ulikuwa umesogea kushoto kwa safu moja, na mfumo ungesoma diski yenye jina GSYS1.

IEASYSUG nayo ilipitiwa kwa kosa lake la kawaida, koma. Mstari wa kwanza usioishia na koma ndio mwisho wa memba kwa maoni ya mfumo. Vilivyo chini yake hupuuzwa bila malalamiko. Aliyeongeza `SMF=UG` zamani alikumbuka kuweka koma kwenye mstari wa juu yake. Ilikuwa salama.

Kisha: programu zilizokuwa juu zikasimamishwa, JES2 ikashushwa kwa `$PJES2`, `Z EOD` ikatolewa ili rekodi za SMF, za matumizi ya mfumo, zilizo kwenye kumbukumbu ziandikwe diskini, na kwenye HMC ikawekwa anwani 0A80 na kigezo `0B41UGM1`. M, si nukta. Safari hii konsoli ilionyesha IEA371I na IEA246I, ikafuata IEA519I yenye jina la IODF, IEA370I yenye katalogi kuu, na mistari ya IEA247I, mmoja kwa IEASYS00 na mmoja kwa IEASYSUG. Mstari huo wa pili wa IEA247I ndio uliokuwa unangojewa. Saa 8:31 usiku mfumo ulikuwa juu, na `D T` ikaonyesha LOCAL 02.31 dhidi ya UTC 23.31 ya siku iliyotangulia.

Kusafisha

G0413V00 ilifutwa kwa IDCAMS baada ya kulinganishwa na G0412V00, ili programu ya kutuma itakapoomba kizazi cha karibuni ipate kile cha jioni. Kazi ya malipo husoma leja tu, haiandiki ndani yake, kwa hiyo hapakuwa na salio la kurudisha. Logi za hifadhidata hazikuathirika: zinapangwa kwa saa ya UTC ya mashine, na UTC haikuwahi kukosea. Kilichobaki na doa ni SMF na SYSLOG za muda kati ya IPL mbili, ambazo zina saa ya mahali iliyo nyuma kwa saa tatu. Hazikurekebishwa. Iliandikwa kwenye daftari, kwa saa zote mbili, kwamba anayezisoma aongeze tatu.

Mjadala mrefu zaidi ulikuwa LOADUG ikae wapi. Wapo waliotaka SYS0.IPLPARM ifutwe ili mambo yarudi yalivyokuwa. Hoja hiyo ni dhaifu. SYS1.PARMLIB iko kwenye diski ya kuwashia, na diski hiyo hubadilishwa kila toleo jipya la z/OS linapokuja. Kila mara mtu lazima akumbuke kuhamisha LOADUG. Diski ya IODF haibadiliki na toleo. LOADUG ikabaki SYS0.IPLPARM, maktaba ikaingizwa kwenye katalogi ili ionekane na watu hata kama kuwasha hakuihitaji, na LOADUG ya SYS1.PARMLIB ikabadilishwa jina kuwa ZLOADUG.

Iliundwa pia LOADU9, yenye katalogi ile ile na SYS1.PARMLIB peke yake, kwa siku ambayo UG.PARMLIB yenyewe itakuwa imeharibika. Ndani ya IEASYS00 thamani ya CLOCK iliwekwa UG na memba CLOCKUG ikanakiliwa SYS1.PARMLIB, ili hata mfumo unaowaka kwa dharura ujue uko Afrika Mashariki. LOADU9 ilijaribiwa Jumapili iliyofuata kwa IPL halisi.

Mwisho ikashughulikiwa LOAD00 ya wasakinishaji, iliyokuwa bado imekaa ndani ya SYS0.IPLPARM. Opereta akiacha nafasi ya 5 na 6 wazi kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo itakayochukuliwa. Yaliyomo ya LOADUG yalinakiliwa juu yake, mstari kwa mstari, COLS ikiwa wazi.